Mlango wa sentimita 61

Saa nne usiku, Deira, Dubai. Mhudumu wa usafi amepiga goti mbele ya mlango wa bafu la chumba changu, bisibisi mkononi, anafungua bawaba ya chini. Mimi nimekaa kwenye kiti mwendo kati ya kitanda na kabati, baibui la safari bado mwilini, na tangu ndege iondoke Dar sijaingia chooni. Skrubu ya mwisho imeota kutu. Inapotoka anageuka, anacheka, anaunyanyua mlango mzima na kwenda kuuegemeza ukutani koridoni.

Kiti changu kina upana wa sentimita 63, ukipima kutoka bangili ya kusukumia ya gurudumu la kushoto hadi ya kulia. Mlango ule ukiwa wazi uliacha nafasi ya sentimita 61. Ulipotoka, na unene wake ukaondoka nao, tukapata 64. Niliingia nimekunja mikono kifuani huku yule kijana akinisukuma kwa nyuma, maana vidole visingepata pa kupita. Ndani nikakuta hodhi la kuogea lenye ukuta wa kufika magotini mwa mtu aliyesimama.

Nikamwambia nataka ndoo na kopo. Kiingereza chake na changu havikukutana, nikaonyesha kwa mikono: kuchota, kumwaga. Uso ukamng'aa. "Balti!" akasema, akatoka mbio, akarudi na ndoo ya bluu na jagi la plastiki. Kwao Bangladesh wanaoga hivyohivyo kama sisi. Siku nne nilizolala pale nilioga juu ya kiti cha plastiki, vile vya kukodisha kwenye shughuli, nyuma ya shuka lililobanwa juu ya fremu, na maji yakitambaa taratibu kuelekea kwenye zulia la chumba.

Hoteli hiyo niliichagua kwa sababu mtandaoni ilikuwa na alama ya kiti mwendo.

Nauza mabaibui na magauni Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Kongo (hatua za wengine; mimi nahesabu mashimo). Miguu iliacha kazi mwaka 2013 baada ya ajali ya barabarani, habari ambayo nimeisimulia mara nyingi mno, leo naiacha ilale. Sokoni chombo changu kinaitwa baiskeli. "Kiti mwendo" ni neno la semina. Nitayachanganya yote mawili, mtanivumilia.

Mtu akisikia nasafiri nje kwa biashara anadhani nina hela. Faida ya safari za Kariakoo iko kwenye vitu vidogo: nauli ya msimu mbaya, kilo za mzigo, na chumba. Wenzangu wakienda Deira hulala watatu au wanne chumba kimoja, mmoja chini kwenye godoro, na bei ya usiku inagawanywa kama pilau. Hata ile dirham ya utalii inayotozwa Dubai, kati ya 7 na 20 kwa chumba kila usiku kufuatana na nyota za hoteli, wao wanaigawana. Mimi siwezi. Baiskeli ili igeuke mzunguko mzima inataka duara la kama sentimita 150. Godoro la tatu likitandikwa chini, mimi nakuwa fanicha. Kwa hiyo nalipa chumba kizima peke yangu, halafu mtu anashangaa kwa nini gauni langu limezidi la jirani kwa elfu mbili.

Shoga yangu mmoja aliwahi kuniambia, kwa nia njema kabisa, "Si uwe unakwenda na mtoto wa dada yako akusaidie?"

"Nauli yake unalipa wewe?"

Akanyamaza, tukaendelea kupanga mzigo.

Turudi kwenye ile alama, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Kwenye tovuti nyingi za kuweka nafasi, hoteli yenyewe ndiyo inayojiwekea tiki. Mwenye hoteli anaulizwa kama watu wenye ulemavu wanaweza kukaa kwake, anaikumbuka lifti yake, anaweka tiki. Kwake yeye ulemavu ni ngazi. Ngazi hamna, basi hamna shida. Habari ya bafu haimjii kichwani kwa sababu yeye hajawahi kushindwa kuingia bafuni. Ukichuja kwa alama ya jumla unapata orodha ndefu inayokupa moyo. Ukishuka chini kwenye machujio madogo ya Booking.com, yale ya choo chenye vishikio, bafu la kuingia na kiti bila kizingiti, sinki lililoshushwa, orodha inapukutika kama maembe ya msimu wa upepo. Hiyo iliyobaki ndiyo orodha. Airbnb mwaka 2017 waliinunua kampuni ndogo ya Uingereza iliyoitwa Accomable, iliyokuwa ikishughulika na malazi ya watu kama sisi, na tangu hapo wamekwenda mbele kidogo: mwenye nyumba akidai mlango ni mpana anatakiwa aweke picha ya mlango wenyewe. Picha ina adabu kuliko tiki.

Nilijifunza jambo jingine palepale Deira, na sikufundishwa na mtandao. Asubuhi ya pili nilikaa nje karibu na Baniyas Square kusubiri wenzangu, nikawa nawatazama wabeba mizigo. Marobota ya nguo juu ya matoroli, wanapita katikati ya watu wanapiga mluzi, sawa kabisa na mikokoteni ya kwetu. Njia ya miguu ya pale ina kingo za juu, mahali pengine sentimita 20, na mimi nilikuwa nimeshakwama mara mbili. Wao hawakwami. Wanajua duka gani lina mteremko, uchochoro gani wa mtaa wa Naif umesakafiwa upya, jengo gani lina mlango wa nyuma usio na ngazi. Nikaanza kuwafuata. Palipopita toroli, nilipita.

Tangu siku hiyo sianzi kwa kuuliza hoteli kama wana huduma za walemavu. Ukiuliza hivyo, mtu wa mapokezi anaingiwa na huruma, na huruma inamfanya aseme ndiyo. Nauliza: toroli la mashuka linapitia wapi? Sanduku la kilo 30 linaingiaje kutoka barabarani mpaka chumbani bila kunyanyuliwa? Hapo anafikiri. Anakumbuka kwamba mbele kuna ngazi mbili lakini upande wa maegesho kuna mteremko wa jikoni. Wa mapokezi akishindwa, muombe akupe mtu wa usafi. Yeye ndiye anayelisukuma, na kila kizingiti cha jengo lile anakijua kwa kiuno chake.

Safari ya pili, Istanbul, nilijiona nimekomaa. Nilikwenda kutafuta jinzi Laleli, mtaa wa maduka ya jumla ambao wafanyabiashara wengi wa kwetu wanaujua. Wiki mbili kabla ya safari nilimwandikia mtu wa hoteli kwa WhatsApp, nikamuomba aweke futi kwenye mlango wa bafu na kupiga picha. Alipiga. Sentimita 72. Nikamuuliza kuhusu bafu, akanitumia picha ya sakafu iliyo sawa, bomba la maji ukutani, tundu la maji pembeni. Nikauliza mlango wa mbele. "Tuna rampu, abla." Abla ni dada mkubwa. Nikafurahi kuitwa hivyo, nikalipa.

Rampu ilikuwa ubao. Ngazi tatu, kila moja kama sentimita 15, na ubao wa mita moja na nusu umelazwa juu yake. Kipimo kinachokubalika sehemu nyingi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko wa kunipandisha kwa heshima ungehitaji mita 5 na sentimita 40. Ule ubao ulikuwa unafaa kumteremshia mbuzi. Wanaume wanne wakatoka ndani, mmoja bado ana leso ya chakula shingoni. "Problem yok, abla, problem yok," wakaninyanyua.

Nataka nilikalie hili kidogo. Kwetu kubebwa ni sehemu ya upendo, na sijawahi kumnunia jirani aliyenibeba kuvuka maji ya mvua. Lakini mwanamke mtu mzima, ugenini, baibui limepanda juu ya goti, mkono wa mwanaume usiyemjua uko chini ya paja kwa sababu kiti kimeinama na hakuna pengine pa kushika, mara mbili kwa siku kwa siku tano, hiyo huwezi kuiita "hamna shida". Wenyewe walikuwa waungwana sana. Ndiyo maana nilishindwa hata kukasirika, nikawa nakasirikia ubao.

Halafu lifti. Sikuwa nimeuliza lifti! Majengo ya mtaa ule mengi ni ya zamani na lifti zimechomekwa baadaye panapopatikana nafasi. Hii ilikuwa na kina cha sentimita 90. Baiskeli yangu pamoja na vikanyagio vya miguu ina urefu wa 104. Bahati ni ya kukunja, vikanyagio vinatoka. Nikavitoa, nikavipakata, na ili miguu isiburute nikaifunga pamoja na kiti kwa kanga. Kila asubuhi, kila jioni, ghorofa ya nne, Mswahili aliyefungwa kanga kama mzigo wa kuni.

Kichekesho ni kwamba nje ya hoteli ile jiji lilinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Tramu ya T1 inapita palepale, jukwaa na sakafu ya behewa viko usawa mmoja, unaingia kama unavyoingia mwendokasi pale Kimara siku usiyo na msongamano. Kosa langu jingine lilikuwa kuangalia umbali badala ya mwinuko. Kwenye ramani hoteli ilikuwa mita 300 kutoka kituoni. Haikusema kwamba zote zinateremka kuelekea Kumkapı, upande wa bahari. Kuteremka nilikwenda nimekaza breki mpaka viganja vikanuka mpira. Kupanda nilikuwa nasubiri mwenye huruma. Siku hizi, mji ukiwa na vilima, nalipa zaidi kidogo nilale kwenye barabara yenyewe ya tramu, na ile nyongeza nairudisha kwa teksi ambazo sikuchukua.

London sikwenda kwa biashara. Mtoto wa dada yangu, yuleyule niliyeshauriwa nimfanye msaidizi, alikuwa anahitimu. Niliogopa bei, na kweli ni kali, lakini ndiko nilikoelewa kwamba hoteli isiyo na mvuto wowote inaweza kuwa rafiki. Zile hoteli za bei ya kati za kampuni moja zilizotapakaa kila mji, zenye zulia lilelile na picha ileile ukutani, mfano Premier Inn, Travelodge na Ibis, zimejengwa kwa ramani inayorudiwarudiwa, na ndani ya ramani hiyo vyumba vyetu vimo. Premier Inn wana vyumba vya aina mbili: vingine vina hodhi lililoshushwa na vishikio, vingine vina bafu la sakafu tambarare ambalo unaingia na kiti chako cha kuogea mpaka chini ya maji.  Usiposema mapema unataka kipi, unaweza kupata kilichopo. Sheria yao ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kukutoza gharama ya marekebisho yaliyofanywa kwa ajili ya ulemavu wako, kwa hiyo chumba cha aina hiyo hakiongezwi bei kwa sababu ya vishikio.

Hoteli niliyolala siitaji jina. Chumba kilikuwa kizuri, mlango unapita baiskeli na mfuko wa nguo pembeni, kitanda kiko usawa wa kiti. (Kitanda pia ni habari: kiti changu kiko sentimita 50 kutoka chini, na vitanda vya magodoro mazito vya siku hizi vinafika 65 na zaidi. Kushuka ni rahisi. Kupanda ni mieleka.) Jambo moja tu. Bafuni kulikuwa na ile kamba nyekundu ya kuita msaada, ambayo inatakiwa ining'inie mpaka karibu na sakafu kwa sababu anayeihitaji ni mtu aliyekwisha kuanguka. Mtu wa usafi alikuwa ameifunga fundo juu, ili isimsumbue akipiga deki. Niliivuta kwa henga ya koti, nikaifungua, jioni ya pili nikaikuta imefungwa tena. Tukaendelea hivyo siku tatu bila kuonana, mimi nafungua, yeye anafunga, kama watu wanaocheza bao kwa barua.

Kingine cha kwao: shatafu hakuna. Dubai ipo, Istanbul maji yanatoka kwenye choo chenyewe, London karatasi. Kwenye bafu la sakafu tambarare bomba la kuogea mara nyingi linafika chooni, na hiyo ni sababu yangu ya pili ya kulitaka, ambayo kwenye simu sikuieleza.

Wanaobana matumizi kule wajue haya. Mwenye kiti mwendo halipi nauli ya basi la jiji London, na mabasi yote yana rampu. Teksi nyeusi zote zinachukua kiti bila kukunjwa, ila bei yake ni ya kutazama kwa macho. Njia ya treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022, vituo vyake vyote unaingia bila ngazi kutoka barabarani mpaka jukwaani, kwa hiyo unaweza kulala mbali na katikati ya jiji, kwenye bei ya chini, bila kujitenga na mji. Wanafunzi wakiwa likizo ya kiangazi vyuo kadhaa vinakodisha mabweni yao, na mabweni mapya yana vyumba vya aina yetu. Kwa kuchungulia kabla ya kulipa kuna AccessAble, ambao watu wao hupima milango na ngazi wenyewe, na Euan's Guide, tovuti iliyoanzishwa Scotland mwaka 2013, ambako wanaoandika ni wenye ulemavu na ndugu zao. Mtu aliyekwama mlangoni hasahau kuutaja mlango.

Marekani sijafika, ila kwa vile wasomaji wangu wengi wako huko: sheria yao ya walemavu ya 1990 ni kali, na tangu 2012 hoteli inatakiwa ieleze chumba kilivyo wakati wa kuweka nafasi na ikushikie kilekile ulichoahidiwa. Lakini soma vizuri ukitafuta moteli ya bei rahisi. Vipimo vyao vinailazimisha hoteli kuwa na bafu la kuingia na kiti pale tu inapozidi vyumba 50. Moteli ndogo ya barabarani yenye vyumba 30 inaweza kutimiza sheria yote na bado ikakuwekea hodhi lenye vishikio. Kama huwezi kujihamisha kuingia kwenye hodhi, sheria imetimizwa na wewe hujaoga.

Kwa hiyo siku hizi utaratibu wangu ni huu, na sidai kuwa ni wa kitaalamu. Kwanza nazunguka nje ya jengo kwenye picha za barabarani za ramani za Google, nahesabu ngazi za mlangoni. Hoteli zenye ngazi bila mteremko naziacha hata kama zimejaa sifa. Kisha naandika ujumbe mfupi, na neno ulemavu halimo. Naomba picha tano: mlango wa mbele kutoka barabarani, lifti ikiwa wazi na futi imelazwa chini, mlango wa bafu na futi, choo na pande zake zote mbili, na mahali pa kuogea mpaka sakafuni. Pande mbili za choo ni muhimu, kwa sababu mimi nahamia kutoka kushoto. Choo kilichobanwa ukutani upande wa kushoto kwangu ni pambo. Hoteli kumi nikiziandikia, tatu hujibu, moja hutuma picha zote. Nalala kwenye hiyo moja, na silipi mapema kwa bei ile isiyorudishwa hata ipungue vipi. Mara nyingi nachukua usiku mmoja tu, naingia, napima mwenyewe, ndipo naongeza.

Kwenye sanduku kuna futi ya fundi cherehani, kanga mbili, kopo, mpira wa akiba wa gurudumu la mbele, na bisibisi. Bisibisi iweke kwenye mzigo wa kupakiwa. Ya kwanza niliiweka kwenye mkoba, ikabaki uwanja wa ndege.

Mwezi ujao nataka kujaribu Guangzhou, kule Xiaobei wanakofikia Waafrika wengi. China picha za barabarani za Google hazipo, kwa hiyo hatua yangu ya kwanza imekufa na nategemea picha za watu tu. Nimeandikia hoteli nane. Jana usiku moja imejibu, maneno mawili: mei wenti. Nimemuuliza jirani yangu anayekwenda huko kila mara maana yake nini. Amecheka sana. "Hamna shida, dada."

Nimewaandikia tena, nimewaomba picha ya lifti na futi.